Kupungua kwa Sukari Katika Damu na Hofu ya Kisukari

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja, fundi wa kushona nguo, mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Dandora. Halmashauri imeona yafaa kuichapisha katika Taarifa hii ili wale wasiohudhuria nao wapate faida yake.)



Mimi si daktari wala mwalimu. Kazi yangu ni cherehani, na baadhi yenu mmeketi hapa mkiwa mmevaa nguo nilizozishona. Halmashauri iliponitaka niseme habari za maradhi yaliyonipata nilisita, kwa kuwa si desturi yetu mtu mzima kusimama hadharani na kueleza mambo ya mwili wake. Lakini nilikumbuka kwamba Chama hiki kiliundwa ili tusaidiane, na msaada si wa jeneza na turubai peke yake. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Basi leo sitaficha.

Yaliyonipata

Kwa miaka mingi desturi yangu ya asubuhi ilikuwa moja. Saa kumi na mbili u nusu nakunywa kikombe kikubwa cha chai ya maziwa yenye vijiko vinne vya sukari, nala mandazi mawili, kisha naketi kazini. Ikikaribia saa nne, mikono yaanza kutetemeka hata sindano nashindwa kuitia uzi. Jasho la baridi lanitoka shingoni, moyo wapiga mbio, na njaa ya ghafula yanishika kana kwamba sijala tangu juzi. Siku moja nilishona mkono wa koti la mteja nje ndani, nami nimeifanya kazi hii zaidi ya miaka thelathini.

Dawa yangu ilikuwa soda. Nikiinywa chupa moja, kabla ya robo saa kupita nimekuwa mzima. Nikaona kwamba nimepata tiba. Lakini baada ya saa chache mtetemeko ulirudi, nami nikarudi kwenye soda. Ikawa chupa mbili kwa siku, halafu tatu.

Hofu yangu, ndugu zangu, ilikuwa na sababu. Kaka yangu mkubwa alikuwa na kisukari. Alikatwa mguu chini ya goti, na hakumaliza miaka miwili baada ya hapo. Nilipowaeleza jamaa na majirani habari zangu, nilipata mashauri ya namna mbili. Wengine walisema, "Hicho ni kisukari cha kaka yako, kimekufuata." Wengine wakasema, "La, kisukari ni sukari kuzidi, na wewe yako yapungua. Basi wewe umesalimika, kula sukari upendavyo." Niliyaamini yote mawili kwa zamu, kutegemea ni nani aliyesema mwisho. Baadaye nilijifunza kwamba yote mawili yalikuwa na upungufu.

Mahali pa kwanza nilipokwenda kupimwa, nilipimwa mara moja, nikaambiwa sukari ni nzuri, nikarudi nyumbani. Maneno hayo yalikuwa ya kweli kwa saa ile, kwa maana saa ile sikuwa nikitetemeka. Kwa muda wa mwaka mzima niliendelea na soda zangu.

Aliyenifungua macho alikuwa mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wetu, mmoja wa wale ambao Serikali iliwatuma nyumba kwa nyumba mwezi wa Septemba, 2023, wapatao 100,000 katika Kenya nzima, wakiwa na mikoba yenye vyombo vya kupimia shinikizo la damu na sukari. Yule binti aliniambia, "Mzee, usipimwe ukiwa mzima. Nitume mtoto aniite saa ile unapotetemeka." Nikafanya hivyo. Mashine ilionyesha 2.9. Juma lililofuata ikaonyesha 2.8. Akaniandikia barua ya kwenda hospitali. Huko nilikula chakula changu cha kila siku mbele yao, wakawa wakinitoa damu ya mshipa saa kwa saa, na jawabu likawa lile lile.

Jinsi sukari inavyofanya kazi mwilini

Daktari alinieleza kwa maneno ambayo hata mimi niliyafahamu, nami nitajaribu kuyafikisha kwenu.

Chakula cha wanga, kama vile ugali, mkate, wali na viazi, hugeuka kuwa sukari ndani ya damu. Ubongo na misuli huitumia kama gari litumiavyo mafuta. Nyuma ya tumbo iko kongosho, nayo hutoa kitu kiitwacho insulini, ambacho hufungua mlango ili sukari itoke katika damu na kuingia mahali pa kazi. Ile inayobaki huwekwa akiba, na sehemu yake huwekwa katika ini. Ini ni kama ghala: tukiwa tumelala, au tukikosa chakula, ndilo linalofungua na kutoa sukari kidogo kidogo, ili ubongo usikose.

Kwa hesabu itumiwayo katika hospitali zetu, yaani milimoli kwa lita, mtu mzima wa afya aliyeamka bila kula huwa na sukari ya 4 hivi hata 5 na kitu. Akiwa na 7 au zaidi kabla ya kula, na kipimo kikirudiwa siku nyingine kikawa vivyo hivyo, huyo ana kisukari. Aliye kati ya 6.1 na 6.9 amesimama mlangoni. Upande wa chini, mgonjwa anayetumia dawa za kisukari aambiwe kuwa ikishuka chini ya 4 atie kitu kinywani upesi. Na mtu yeyote, mwenye kisukari au asiye nacho, ikishuka chini ya 3 ni jambo la hatari.

Sukari ikipungua, mwili hupiga kengele: mtetemeko, jasho, moyo kwenda mbio, njaa. Ikizidi kupungua, ubongo wenyewe hukosa chakula, na mtu huona kizunguzungu, hukasirika bila sababu, maneno yake huwa mazito, miguu humpotea, na mwisho hupoteza fahamu. Mtazamaji asiyejua hudhani amelewa. Nawaomba mlishike neno hilo, kwa kuwa nitalirudia.

Daktari alinionya pia kwamba si kila mtetemeko ni upungufu wa sukari. Hofu, kahawa nyingi, uchovu na homa pia hutetemesha. Ili kusema kwa hakika kwamba ni sukari, mambo matatu hupaswa kukutana: dalili ziwepo, kipimo kilichochukuliwa saa ile ile kiwe chini, na dalili zipone sukari inapopanda. Kanuni hiyo ilitungwa katika miaka ya 1930 na mpasuaji wa Marekani aitwaye Whipple, na mpaka leo hutumiwa.

Je, ni dalili ya kisukari?

Ndilo swali lililoninyima usingizi. Jawabu lake si "ndiyo" wala "hapana" moja kwa moja.

Katika watu wengine walio mlangoni mwa kisukari, kongosho hushindwa kutoa insulini kwa wakati. Chakula kitamu kikiingia, insulini huchelewa, sukari hupanda sana. Kisha insulini huja kwa wingi kupita kiasi, na sukari huporomoka baada ya saa mbili, tatu au nne. Kwa hiyo mtu mmoja aweza kuwa na sukari ya juu saa mbili asubuhi na ya chini saa nne. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwangu. Kipimo kile kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu kilitoa 6.1 kwa mia. Kikifika 6.5 ni kisukari. Basi nilikuwa bado sijaingia, lakini nilikuwa nimeshika kitasa. Na zile soda nilizoziita dawa ndizo zilizokuwa zikinisukuma.

Lakini wako wengine ambao sukari yao hushuka kwa sababu nyingine kabisa. Mwenye kunywa pombe kali bila kula hulifunga ghala la ini, kwa maana ini likishughulika na pombe haliwezi kutengeneza sukari mpya. Malaria kali huishusha sukari, na dawa ya kwinini pia. Aliyepasuliwa tumbo zamani aweza kupatwa na hali kama yangu. Wako wachache sana wenye uvimbe katika kongosho. Kwa hiyo mtu ambaye sukari yake hushuka usiku au kabla ya kula asubuhi, wala si baada ya chakula, asikae nyumbani akijituliza kwa chai. Aende hospitali.

Habari za ndugu yetu

Bwana Mwenyekiti, sasa naomba ruhusa niseme jambo ambalo ni zito kwangu.

Mnamkumbuka ndugu yetu aliyekuwa bawabu wa usiku, ambaye Chama hiki kilimzika. Sitamtaja jina, kwa heshima ya mjane wake, lakini wengi wenu mlitoa mchango na mlisafiri na maiti hata nyumbani kwake. Katika safari ile palikuwa na mnong'ono kwamba amekufa kwa ulevi, kwa sababu alionekana alfajiri akiyumbayumba karibu na kituo cha matatu, akisema maneno yasiyoeleweka, kisha akalala kando ya barabara.

Ndugu yetu hakuwa mlevi. Alikuwa na kisukari, na alikuwa akimeza vidonge vya glibenklamaidi, ambavyo huilazimisha kongosho kutoa insulini, mtu awe amekula au hajala. Jioni ile alimeza kidonge chake kama alivyoagizwa, lakini hakula, kwa kuwa ilikuwa mwisho wa mwezi na alikuwa amewaachia watoto chakula. Akakesha kazini usiku kucha, akarudi kwa miguu. Hayo yote mjane wake alinieleza baadaye.

Mimi nilipita pale asubuhi ile. Nilimwona. Watu walikuwa wamemzunguka, mmoja alikuwa akimmwagia maji, na mwingine aliuliza, "Tumpeleke hospitali?" Nami nilikuwa mmoja wa waliosema, "Mwacheni alale, pombe itamtoka." Nikaenda kufungua kibanda changu. Alipokuja kuchukuliwa saa tatu, alikuwa amechelewa.

Sisemi haya ili mnihurumie. Nayasema ili jina la ndugu yetu lisafishwe mbele ya mkutano huu, na ili asiwepo mwingine hapa Dandora atakayeachwa kando ya barabara kwa sababu sisi hatujui tofauti ya mlevi na mgonjwa. Hata kama kweli amekunywa, mlevi asiyeamka naye ni mgonjwa, kwa sababu niliyoieleza ya ini na pombe.

La kufanya

Basi yafaa kila mwanachama ajue yafuatayo.

Kwanza, anayetetemeka na kutoka jasho, naye bado ana fahamu na aweza kumeza, apewe upesi sukari vijiko vitatu au vinne vya chai vilivyokorogwa katika maji, au nusu ya chupa ndogo ya soda iliyo na sukari. Angojewe dakika 15. Asipopata nafuu, apewe tena. Akipona, ale chakula cha kweli, kama vile mkate na maziwa au githeri, kwa sababu sukari ile ya haraka haikai.

Pili, aliyepoteza fahamu asitiwe kinywaji chochote, wala uji, wala maji, kwa kuwa kitaingia katika mapafu. Alazwe kwa ubavu na apelekwe hospitali mara moja, akatiwe sukari katika mshipa.

Tatu, anayetumia vidonge kama vya ndugu yetu, au sindano za insulini, hata akiamka baada ya kupewa sukari, apelekwe kwa daktari. Vidonge hivyo hukaa mwilini muda mrefu, hasa kwa mzee au mwenye figo dhaifu, na sukari yaweza kushuka tena.

Nne, mtu asiache dawa zake kwa kuogopa hadithi hii. Kisukari kisichotibiwa hupofusha macho na kuua figo, na ndicho kilichoukata mguu wa kaka yangu. Aulize tu: dawa yangu humezwa kabla ya chakula? Nikikosa chakula, au nikifunga Ramadhani, nifanyeje? Tena asimpe jirani vidonge vyake kwa kuwa "dalili zao zafanana". Najua jambo hilo lafanyika katika ploti zetu.

Chakula na miguu yetu

Wazee waliopewa viwanja hapa katika miaka ya 1970, mpango wa Dandora ulipoanzishwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, wanakumbuka jinsi kila mtu alivyojijengea chumba baada ya chumba, akibeba mawe na mchanga kwa mabega yake. Jioni walikula chakula cha mahindi na maharage. Leo watoto wetu hupanda bodaboda kutoka awamu moja hata nyingine, na mimi mwenyewe hukaa kwenye kiti saa kumi kwa siku.

Alikuwako daktari Mwingereza aitwaye Trowell, aliyefanya kazi Kenya na Uganda tangu mwaka 1929 hata mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1960 alitoa kitabu juu ya maradhi yasiyoambukiza katika Afrika, na kisukari alikiona kuwa haba miongoni mwa watu wa mashambani. Yeye na mwenzake Burkitt, mpasuaji wa Uganda, walishikilia kwamba chakula chetu cha nafaka nzima, maharage na mboga, chenye makapi mengi, kilikuwa na sehemu kubwa katika jambo hilo. Tuliyemwacha shambani alikuwa na hekima, nasi tulidhani ni umaskini.

Daktari hakunipa kidonge hata kimoja. Aliniambia nipunguze sukari katika chai mpaka niiache, niondoe soda, nile kidogo kidogo mara nyingi, na kila mlo wa wanga uwe na mwenzake: ugali na omena au ndengu, kiazi kitamu na yai, uji wa wimbi usio na sukari pamoja na njugu. Na nitembee. Nilimwuliza kama haya madogo yaweza kuzuia kisukari kilichomuua kaka yangu. Alinijibu kwa uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 2002, uliofanyiwa watu 3,234 waliokuwa mlangoni kama mimi. Waliopunguza uzito kwa 7 hivi kwa mia, na kufanya mazoezi kama ya kutembea kwa nguvu dakika 150 kwa juma, walipunguza hatari ya kupata kisukari kwa 58 kwa mia. Kwa wale wenye umri wa miaka 60 na zaidi, ilipungua kwa 71 kwa mia. Wazee wangu, mmesikia? Ni sisi tuliofaidika zaidi ya vijana.

Mtetemeko wangu ulipungua katika mwezi wa pili. Sasa hunijia mara chache, hasa nikivunja sheria mwenyewe katika arusi. Kipimo changu cha miezi mitatu kimeshuka kutoka 6.1 hata 5.7. Sisemi kwamba nimepona. Hupimwa kila mwaka, na hofu ya kaka yangu haijaniacha. Lakini sasa ni hofu yenye kazi ya kufanya.

Maombi yangu kwa Chama

Nina maombi manne, Bwana Mwenyekiti, ambayo nayaweka mbele ya mkutano.

La kwanza, kila mwanachama aliyefikia miaka 40, au ambaye mzazi au ndugu yake ana kisukari, apimwe kabla ya mkutano ujao. Mwandishi aandike tu kwamba amepimwa, wala asiulize jawabu.

La pili, Chama kinunue mashine moja ya kupimia sukari, ikae kwa mwanachama aliyefundishwa. Vile vijikaratasi vinavyotiwa tone la damu huisha na huharibika, basi viwekewe fungu dogo la kila mwezi.

La tatu, kila anayetumia dawa za kisukari abebe mfukoni kikaratasi chenye maneno haya: "Nina kisukari. Ukinikuta nimechanganyikiwa, sijalewa. Nipe sukari. Nikiwa sina fahamu, nipeleke hospitali." Mimi niko tayari kushona vifuko vya kutilia vikaratasi hivyo bila malipo.

La nne, katika mikutano yetu na matanga yetu, chai itolewe bila sukari, na bakuli la sukari liwekwe kando, kila mtu ajitilie kwa hiari yake. Badala ya mandazi na soda, tupike githeri. Wapo watakaonung'unika kwamba Chama kimefilisika. Wajibiwe kwamba twazipunguza gharama za mazishi.

Tulitoa fedha nyingi kumrudisha ndugu yetu nyumbani kwake, na tulifanya vyema. Lakini vijiko vinne vya sukari katika kikombe cha maji, saa kumi na mbili alfajiri ile, vingemrudisha kwa miguu yake mwenyewe. Nami nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake.